Kushuka na Jiwe

Mtu akitaka kwenda Misri na kikundi, huuliza hoteli zina nyota ngapi na kama viingilio vimo ndani ya bei. Si maswali mabaya. Ila mimi siku hizi nina mengine mawili ninayoyatanguliza: tunaanzia wapi, na ni akina nani wengine wanaokwenda? Majibu yake hayamo kwenye karatasi ya wakala, lakini ndiyo yaliyoamua karibu kila kitu tulichokiona kule.

Tulikwenda mwanzoni mwa Septemba, wakati bei ziko chini kwa sababu joto liko juu. Vikundi vingi hutua Kairo, asubuhi yake hupelekwa Giza, na baada ya kuziona piramidi kila kinachofuata huwa kama makombo. Kwetu vyumba vya Kairo vilileta matatizo, wakala akaigeuza ratiba juu chini. Tukaunganisha ndege moja kwa moja hadi Aswan, kusini, ili tushuke na mto Nile mpaka Luxor na kumalizia Giza. Wengine walinuna, wakaona wanacheleweshewa piramidi zao. Kumbe tumepewa njia aliyopita jiwe lenyewe: graniti ya Misri ya kale ilichimbwa Aswan ikashushwa kwa maji kwenda kaskazini, na piramidi ziko mwisho wa safari yake.

Kwenye basi tulikuwa watu wa kila namna, lakini watatu ndio waliotufundisha kutazama. Mmoja ni fundi mwashi aliyestaafu, tukimwita Fundi tu. Wa pili mzee aliyeanza na majahazi akamalizia kwenye meli ndogo za mizigo. Huyo ni Nahodha. Wa tatu muuguzi wa miaka mingi wodini, Sista, ambaye alitupanga wote kabla hata ya kiongozi wetu kutujua majina. Kiongozi alikuwa Mmisri mwenye leseni, aliyesomea mambo ya kale, tukimwita Ustadh.

Machimbo ya Aswan yamo ndani ya mji, mwamba mtupu usio na kivuli hata cha kuazima. Pale imelala obeliski, nguzo ndefu ya jiwe moja yenye ncha juu, ambayo haikung'olewa kamwe. Juu na ubavuni imeshachongwa, chini bado imeshikana na mwamba mama. Ingekamilika ingefika karibu meta 42 na kupita tani 1,000, lakini ilipasuka kazi ikiwa katikati, wakaiacha. Watalii wengi hupanda ngazi, hupiga picha, hushuka. Fundi alichuchumaa. Alikuwa akitazama kuta za mtaro uliochimbwa kuizunguka, zenye mabonde madogo yaliyopangana, kama uji mzito uliochotwa kwa upawa. Ustadh akaeleza kwamba hawakuchonga kwa chuma. Walitwanga kwa mawe ya doleriti, magumu kuliko graniti, pigo baada ya pigo, mpaka mwamba ukawa unga.

Fundi akapitisha kiganja kwenye bonde moja, kisha la pili. "Hapa alikaa mtu mmoja," akasema. "Pale mwenzake. Angalieni, kila mmoja na nafasi ya magoti yake." Tukaangalia, na kweli, ukishaonyeshwa huwezi tena kuacha kuona. Palikuwa na mstari mzima wa watu waliochuchumaa bega kwa bega.

Alitaka kukaa zaidi. Ratiba ilimpa dakika chache tu, kisha tulitakiwa kwenda kwenye duka la manukato. Hapo ndipo nikaelewa kazi ya maduka haya. Katika safari nyingi za Misri utapelekwa kwenye "kiwanda" cha mafunjo (karatasi za kale za matete), cha manukato, cha alabasta, ufanyiwe onyesho na kuletewa chai, kwa sababu kiongozi na dereva hupata fungu lao kwenye mauzo. Jioni ile tulikaa tukakubaliana: maduka yote yafutwe, muda wake upewe mawe, na sisi tuchange bahasha nzuri zaidi ya Ustadh na dereva. Alicheka, akasema hajawahi kuombwa hivyo na kikundi kizima kwa sauti moja. Ukiwa na nafasi ya kufanya makubaliano kama hayo, yafanye siku ya kwanza, mbele ya wote, na uitaje pesa waziwazi. Kumwambia kiongozi "hatutaki maduka" bila kufidia kinachompotea ni kumtoza yeye gharama ya starehe yako.

Sista naye alikuwa na sheria zake. Hewa ya jangwa ni kavu, jasho hukauka kabla halijakulowesha, kwa hiyo mtu huamini hatoki jasho. Alitugeuza migongo jioni ya kwanza akatuonyesha mistari myeupe ya chumvi kwenye mashati. "Hayo ndiyo maji yenu," akasema. Hatukuruhusiwa kungoja kiu. Kila mmoja alibeba chupa yake na vifuko vya chumvichumvi za kuchanganya na maji, zilezile wapewazo watoto wanaoharisha. Mikono mirefu ya pamba kwa wote, na kofia yenye ukingo. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, mtu anabaki kwenye basi, hata awe amelipa kiasi gani. Vijana walicheka mpaka tulipofika Karnak, hekalu kubwa la Luxor.

Karnak tulifika mapema, lakini kijana mmoja alikuwa amelala usiku wa manane na hakunywa kitu asubuhi. Kufika saa nne na nusu alianza kugombana na mwenzake juu ya chaja ya simu. Mimi niliona utovu wa adabu. Sista aliona kitu kingine, akamfuata, akamgusa shingo, akamketisha kivulini kati ya nguzo za ukumbi mkubwa. Kichwa kilikuwa kinamuuma, anasikia baridi katikati ya joto lile. Akamvua viatu, akaulowesha mtandio akamfunika shingo na kichwa, akamnywesha maji ya chumvi kwa vifuniko vya chupa, kidogo kidogo ili asitapike. Baada ya nusu saa kijana akaomba msamaha kwa mwenzake bila kuambiwa. "Jangwani mtu akikasirika bila sababu, mpe maji kwanza," Sista akasema, "mengine mtazungumza baadaye." Sheria hiyo tuliitumia sana. Ilimaliza ugomvi wa viti vya basi pia.

Ukumbi huo una nguzo 134, na ni kweli kwamba mtu hukaa chini yake akajiona sisimizi. Lakini kilichomfurahisha Fundi kiko nyuma ya lango la kwanza, mahali ambapo makundi hupita mbio kwenda kwenye nguzo. Lango lile halikumalizika. Kwa ndani, bado limeegemewa na lundo la matofali ya udongo, mabaki ya mteremko wa kupandishia mawe, na baadhi ya mawe ya ukuta hayajasawazishwa nyuso zake. Hapo hekalu linakuonyesha jukwaa la mafundi likiwa bado limesimama. Fundi alisema wao hujenga kwanza, husawazisha baadaye, kuanzia juu kushuka, wakiondoa mteremko kadiri wanavyoshuka. Ustadh akatikisa kichwa kukubali. Wenzetu wa vikundi vingine wakaanza kusogea kusikiliza, bila kujua lugha.

Narudi nyuma kidogo, kwa sababu hekalu la Abu Simbel lilitangulia Karnak. Kutoka Aswan ni karibu kilomita 280 za barabara iliyonyooka jangwani, na watu huondoka saa kumi alfajiri ili wafike kabla jua halijashika kasi. Tulibebeshwa kifungua kinywa kwenye maboksi: mkate, yai, jibini, tunda. Wale waliosema hawawezi kuamka saa tisa ndio waliokuwa wa kwanza kwenye basi. Woga wa kuachwa ni saa ya kengele isiyokosea.

Hekalu hilo la mfalme Ramses wa Pili lilichongwa ndani ya mlima katika karne ya 13 kabla ya Kristo. Lilipoanza kujengwa Bwawa Kuu la Aswan katika miaka ya 1960, maji yangelifunika. Kati ya 1964 na 1968, chini ya kampeni ya UNESCO, likakatwa vipande zaidi ya elfu moja, likapandishwa karibu meta 65 na kusogezwa nyuma karibu meta 200, kisha likafunikwa na mlima wa bandia wenye kuba la zege ndani. Fundi alizunguka akitafuta viungio. Alivipata vichache sana, na kila alichokipata alituita. Ila kilichomvunja mbavu ni sanamu ya pili kutoka kushoto. Kichwa na kifua chake kiko chini, kilianguka zamani sana kwa tetemeko la ardhi. Wahandisi waliohamisha mlima mzima wangeweza kukirudisha juu. Wakakilaza chini mbele ya miguu yake, vilevile walivyokikuta. "Wamehamisha hata gofu," akasema. "Huo ndio ufundi, kujua pa kuacha."

Watu hawakuhamishwa kwa uangalifu wa namna hiyo. Wanubi wapatao 50,000 wa upande wa Misri walitolewa vijijini mwao kati ya 1963 na 1964, wengi wakapelekwa maeneo ya Kom Ombo, mbali na ukingo wa mto waliouzoea. Ustadh alitupeleka kwenye kijiji cha Wanubi ng'ambo ya Aswan, chenye nyumba za buluu na manjano. Wanafuga mamba wadogo kwenye visima vya zege ili mtalii ashike apigwe picha. Mimi sikupenda na niliendelea kutembea. Ndani ya nyumba mambo yalikuwa mengine. Mama mwenyeji alitupa karkade baridi, maua mekundu ya rosela yaliyochemshwa, na Fundi akabaki ameinua uso kwenye paa. Paa la udongo, lenye umbo la pipa lililokatwa nusu, bila boriti hata moja. Wanubi hulijenga bila kuegemeza kwenye mbao: matofali huinamishwa kidogo kuelekea ukuta wa nyuma, kila safu ikiilalia iliyotangulia. Chini yake mchana ni baridi. Baadaye, Luxor, kwenye hekalu la Ramesseum, tuliona maghala ya nafaka yenye mapaa ya namna hiyohiyo ya matofali ya udongo, ya zama za Ramses, na mengine bado yamesimama. Msanifu Hassan Fathy alizitumia mbinu hizi katika miaka ya 1940 alipojenga kijiji cha New Gourna ng'ambo ya Luxor. Fundi aliandika jina lake kwenye kiganja.

Mtoni alitawala Nahodha. Tulipanda feluka, mashua ya tanga ya huko, jioni, na kabla hatujaondoka gatini alikuwa ameshashika foromali na kuuliza tanga limeshonwa wapi. Tanga la pembetatu lilikuwa jamaa wa lile alilokulia nalo. Kijana mwenye chombo na yeye hawakuwa na lugha moja, wakaelewana kwa mikono na kamba. Nahodha ndiye aliyenifahamisha kitu ambacho vitabu hukisema kwa sentensi moja na mtu hukipita: Misri imejengwa na upepo na mkondo vinavyopingana. Upepo hutoka kaskazini karibu mwaka mzima, maji hutoka kusini. Ukitaka kupanda, tweka tanga. Ukitaka kushuka, kunja tanga, mto utakubeba, na hata jiwe la makumi ya tani utalifikisha. "Huku kaskazi haina msimu," akasema, kwa wivu wa wazi.

Siku ya hekalu la Malkia Hatshepsut tulimpa yeye uongozi. Kwenye ukuta wa ngazi ya kati kuna michoro ya msafara wake wa kwenda nchi ya Punt, kusini kupitia Bahari ya Shamu, katika karne ya 15 kabla ya Kristo. Wataalamu hawajakubaliana Punt ilikuwa wapi hasa, ingawa wengi huielekeza upande wa Pembe ya Afrika. Kuna nyumba za nguzo zenye ngazi, miti ya ubani inayobebwa na mizizi yake ndani ya vikapu, na merikebu zinazopakiwa. Nahodha alihesabu makasia, akafuata kamba nene iliyopita juu ya merikebu kutoka tezi hadi omo. Akasema hiyo ni ya kuzuia chombo kisivunjike mgongo kwenye mawimbi, maana hakina mkuku wa maana. Ustadh akathibitisha. Halafu mzee akainama kwenye ukanda wa maji ulio chini ya merikebu, palipochorwa samaki. "Huyu ni wa chumvi," akasema. "Na huyu kamba mawe. Aliyechora alikwenda, au alikaa na aliyekwenda." Samaki wale wametambuliwa na wataalamu kuwa ni wa Bahari ya Shamu, lakini mimi niliwaamini kwake.

Bonde la Wafalme lina taratibu zinazostahili kujulikana mapema. Tiketi ya kawaida hukuingiza makaburi matatu, na lile la Tutankhamun, alilolifikia mwanaakiolojia Howard Carter mwezi Novemba 1922, hulipiwa peke yake. Kiongozi haruhusiwi kueleza ndani ya makaburi, kwa hiyo maelezo yote hutolewa nje juani. Mtafutieni kivuli kwanza ndipo aanze. Walinzi watakuashiria uingie kona usiyoruhusiwa ili uwape chochote. Asante na tabasamu vinatosha, ila weka noti ndogondogo za pauni mfukoni kwa aliyekusaidia kweli. Malipo ya viingilio siku hizi sehemu nyingi ni kwa kadi, pesa taslimu hawapokei.

Kama muda wenu Luxor ni mfupi, punguzeni kaburi moja la mfalme mwende Deir el-Medina. Ni kijiji cha mafundi waliochimba na kupamba makaburi hayo, misingi ya nyumba zao bado inaonekana, zimebanana kando ya njia nyembamba. Kaburi la Sennedjem, mmoja wao, lina rangi ambazo hukuzitarajia: yeye na mkewe wanalima na kuvuna katika pepo yao, nguo nyeupe, ng'ombe wenye madoa. Waliandika sana juu ya vigae na vipande vya mawe. Kimoja, kilichoko British Museum, London, kinaorodhesha waliokosa kazini na sababu zao: huyu kaumwa na nge, yule anapika pombe, mwingine anauguza. Na mwaka wa 29 wa utawala wa Ramses wa Tatu, karibu 1157 kabla ya Kristo, posho zao za nafaka zilipochelewa, waliweka zana chini wakaenda kuketi nyuma ya mahekalu. Ndio mgomo wa kale zaidi ambao maandishi yake yamebaki, na mafunjo yenyewe yako Turin, Italia. Fundi aliomba Ustadh arudie hiyo habari. Akarudia. Akaombwa tena.

Kwa hiyo tulipofika Giza tulikuwa watu wengine. Piramidi ya Khufu ilikuwa na urefu wa karibu meta 146 ilipokamilika, na msingi wake, karibu meta 230 kila upande, umesawazishwa kwa tofauti ya kama sentimita 2 tu. Fundi hakutaka kusikia habari za kwamba piramidi zilijengwa na viumbe wa angani. Alipomsikia mtalii mmoja akizieleza kwa wenzake, aliondoka kwa hasira, na Sista akamfuata na chupa ya maji.

Kuingia ndani ni tiketi nyingine. Njia ya kupanda ni ya kuinama, hewa nzito kwa pumzi za watu, na chumba cha juu ni kitupu, kuta za graniti na sanduku la jiwe lisilo na kifuniko. Sista aliwakataza wenye presha na magoti mabovu. Nahodha alijikataza mwenyewe, akasema ameshakaa chini ya sitaha vya kutosha. Mimi niliingia, na ningewashauri wengi watumie saa hiyo kwenye piramidi ya tatu, ya Menkaure, iliyo ndogo na isiyojaa watu.

Safu zake za chini zilivishwa graniti ya Aswan. Sehemu chache zimesuguliwa laini, nyingine zote zimebaki na matumbo, hazijasawazishwa. Fundi aliweka kiganja vilevile alivyokiweka machimboni. Akauliza kwa nini hawakumaliza. Ustadh akasema inadhaniwa mfalme alikufa kabla.

"Na mafundi, walilipwa?"

Ustadh alifikiri. Mgomo ulikuja zaidi ya miaka 1,300 baadaye, hauwezi kumjibu. Ila akataja mafunjo yaliyopatikana mwaka 2013 huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, ya zama za Khufu: daftari la msimamizi aitwaye Merer, aliyekuwa na mabaharia kama 40, akisafirisha mawe ya chokaa kutoka machimbo ya Tura hadi Giza, pamoja na hesabu za chakula walichopokea.

"Mabaharia?" Nahodha akakata mazungumzo. "Alikuwa na daftari la safari? Aliandika na siku?"

Aliandika na siku, Ustadh akasema, asubuhi wapi na usiku walilala wapi. Dereva alipiga honi. Sista alituhesabu mara mbili mlangoni, na mara zote mbili walipungua watatu: mmoja amegusa jiwe, mmoja anauliza kuhusu upepo, na wa tatu anajibu.